Kwanza Tazama Maji: Hotuba kwa Wanaokwenda Kutembea Bretagne

Mabibi na mabwana, wazee wetu, ndugu zangu mlioacha shughuli zenu mkaja hapa, asanteni na karibuni.

Mtu akipanga safari ya Bretagne, kwa kawaida huanza na tiketi ya treni, akaja kwenye hoteli, akamalizia na orodha ya mahali pa kutembelea. Leo nawaomba mpindue utaratibu huo. Anzeni na jedwali la maji. Mkishajua lini ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na lini ni maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, ndipo mkate tiketi. Pwani ile, bahari ndiyo inayoshika funguo. Kisiwa unachokiendea kwa miguu mikavu saa 9 alasiri, ikifika saa 2 usiku kimezungukwa na maji ya kumzamisha twiga.

Bretagne ni rasi iliyochomoza magharibi mwa Ufaransa. Kaskazini yake ni bahari ya Manche, ile inayotenganisha Ufaransa na Uingereza. Magharibi na kusini ni Atlantiki. Ilikuwa na watawala wake yenyewe mpaka 1532, ilipounganishwa na Ufaransa. Leo ina wilaya kuu nne: Ille-et-Vilaine, Côtes-d'Armor, Finistère na Morbihan. Lugha yake ya asili, Kibretoni, si ndugu ya Kifaransa bali ya Kiwelsh, na maneno machache tu yatawasaidia kusoma vibao vya barabarani: mor ni bahari, bihan ni dogo, kwa hiyo Morbihan ni bahari ndogo, enez ni kisiwa, aber ni mlango wa mto, ker ni kwa fulani, kama sisi tunavyosema kwa Mzee Hamisi.

Sasa nirudi kwenye maji. Wengi wenu nusu ya elimu hii mnayo tayari. Mtu wa Jambiani, wa Lamu au wa Mafia haambiwi kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua, na mwezi ukiwa nusu maji huwa mafu. Kinachobadilika ni kipimo. Unguja, bamvua kubwa hupandisha na kushusha maji kama mita 4. Saint-Malo hupita mita 13. Wimbi la kujaa linatoka Atlantiki, linaingia Manche ambayo inazidi kuwa nyembamba na isiyo na kina, kisha linagonga rasi ya Cotentin iliyosimama mbele yake kama ukuta. Maji hayana pa kwenda, yanajilundika kwenye pembe hiyo, na pembe hiyo ndiyo Saint-Malo na ghuba ya Mont-Saint-Michel.

Wafaransa wamelifanya jambo hili kuwa rahisi kulisoma. Kila siku kwenye jedwali huandikwa namba mbele ya neno coef. Namba hiyo huonyesha ukubwa wa kupwa na kujaa, nayo ni kati ya 20 na 120. 45 ni maji mafu ya kawaida, 70 ni katikati, 95 ni bamvua ya kawaida. Ikipita 100, watu wa pwani hutoa ndoo na majembe yao. Tarehe 21 Machi 2015 ilifika 119, na umati ulisimama juu ya kuta za Saint-Malo kutazama. Mahesabu hufanywa na taasisi ya vipimo vya bahari ya jeshi la maji, SHOM, yenye makao Brest, na jedwali mtalipata ofisi ya utalii ya kila mji wa pwani, tena mara nyingi bure.

Jedwali ni rahisi, lakini watu hulisoma vibaya kwa njia nne.

Ya kwanza ni saa. Majedwali mengi rasmi huandikwa kwa saa ya majira ya baridi mwaka mzima. Kiangazi saa za Ufaransa husogezwa mbele saa moja, basi lazima uongeze saa moja mwenyewe. Juu ya jedwali pameandikwa kama saa hiyo imeshaongezwa au la. Soma mstari huo kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Ya pili ni yetu sisi Waswahili: 14:00 ni saa 8 mchana. Ukishuka pwani na ndugu zako mliogawana habari kwa simu, mmoja akasema saa kwa Kiswahili na mwingine kwa Kifaransa, mmeachana kwa saa sita, na saa sita ndiyo tofauti ya kupwa na kujaa. Andikeni saa kwa tarakimu za kibao, basi. Ya tatu ni bandari. Jedwali la Brest halifai Saint-Malo, na kwenye Ghuba ya Morbihan maji hujaa Vannes kama saa mbili baada ya kujaa Port-Navalo, mlangoni mwa ghuba ileile. Ya nne ni hali ya hewa. Mahesabu yamefanywa kwa kanieneo ya kawaida ya hewa, hektopaskali 1013. Ikishuka kwa kipimo kimoja, bahari huinuka kama sentimita moja. Dhoruba ikiishusha mpaka 983, ongeza sentimita 30 juu ya jedwali, na upepo wa kutoka baharini huongeza zaidi.

Kuna kanuni moja zaidi, na hii ndiyo inayookoa watu. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Kutoka kupwa mpaka kujaa ni zaidi kidogo ya saa sita. Chukua siku ambayo tofauti ni mita 12. Saa ya kwanza maji hupanda mita 1 tu, na mtu huona kwamba bahari imelala. Saa ya pili mita 2. Saa ya tatu mita 3, ya nne mita 3, kisha 2, kisha 1. Mtu aliyetulia kwa sababu saa ya kwanza haikumtisha hukutwa na saa ya tatu katikati ya mchanga. Tena mchanga hauko sawa: una mabonde, na maji hupitia mabondeni kwanza, yakamzunguka mtu kwa nyuma wakati mbele yake bado pakavu. Kwa hiyo shikeni hivi: shukeni pwani maji yakiwa bado yanatoka, na bahari inapofika mwisho wa kupwa nyuso zenu ziwe zimeshageukia nchi kavu. Mkikwama, simu ya uokozi wa baharini ni 196, na 112 hufanya kazi kote Ulaya.

Mji wa kuanzia ni Saint-Malo. Treni ya kasi kutoka stesheni ya Montparnasse, Paris, hufika kwa saa mbili na kidogo. Wanaotoka Uingereza wana meli ya usiku kutoka Portsmouth. Mji mkongwe umezungukwa na ukuta ambao unaweza kuuzunguka wote kwa miguu juu yake, karibu kilomita 2. Agosti 1944 sehemu kubwa ya mji iliungua na kubomoka kwa mabomu, na mnachokiona leo ni mji uliojengwa upya kwa mawe ya granaiti kwa kufuata sura ya zamani. Pwani ya Sillon mtaona maelfu ya magogo ya mwaloni yaliyosimikwa mchangani kwa safu. Usidhani ni mabaki ya gati. Yamewekwa tangu karne ya 19 kuvunja nguvu za mawimbi kabla hayajafika ukutani, na siku ya bamvua yenye upepo povu hupita juu ya magogo na kumwagikia barabarani. Gari lako usiliache hapo.

Kutoka kwenye ukuta mtaona visiwa vitatu vya kuendea kwa miguu: Fort National, ngome ya mwaka 1689, Grand Bé, ambapo amezikwa mwandishi Chateaubriand, aliyefariki 1848, na Petit Bé, chenye ngome nyingine. Njia ya kwenda Grand Bé ni ya mawe yenye mwani unaoteleza. Vaa viatu vyenye soli ya kushika, usiende na ndara. Siku za maji mafu sana njia ya Petit Bé huenda isifunuke kabisa. Na ukichelewa ukakuta maji yamepita juu ya njia, usijaribu kuvuka hata kama yanafika magotini tu: mkondo pale unapita kwa ubavu na kuvuta miguu. Kaa juu ya kisiwa saa kadhaa, maji yakijaa hupwa.

Hapa ndipo namba ya coef. inapaswa kuamua safari yako. Unataka visiwa, mchanga mpana, kombe za baharini, chaza mezani na mashamba yake mbele yako? Tafuta wiki yenye 90 na zaidi. Upande wa Saint-Malo, siku za bamvua maji hujaa asubuhi na jioni, na kupwa kukubwa huangukia mchana au alasiri, saa nzuri kabisa ya kutembea. Una watoto wadogo wanaotaka kuoga? Tafuta wiki ya 40 mpaka 60. Siku ya bamvua mtoto anayetaka kugusa maji hutembezwa mbali mno mpaka achoke. Watu wa Saint-Malo walilitatua hili mwaka 1937 kwa kujenga bwawa pwani ya Bon-Secours: bahari ikijaa hulifunika, ikipwa huliacha limejaa maji. Lakini maji yenyewe, niseme wazi, ni baridi. Agosti upande wa kaskazini hufika nyuzi 17 au 18. Aliyezoea bahari ya Zanzibar au Muscat atakaa dakika tano atoke. Mnunulieni mtoto nguo ya mpira ya kuogelea, naye atacheza siku nzima.

Mkivuka mlango wa mto Rance kuelekea Dinard, barabara inapita juu ya bwawa la umeme lenye urefu wa mita 750. Lilizinduliwa 1966, na ndani yake mna mitambo 24 inayozungushwa na maji kupwa na kujaa, jumla megawati 240. Kwa zaidi ya miaka arobaini halikuwa na mfano wake kwa ukubwa duniani.

Mont-Saint-Michel uko mpakani, na kwa hesabu ya serikali ni wa Normandie, lakini ghuba ni moja. Mlima huo wa mawe wenye abasia, yaani nyumba ya watawa, juu yake uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1979. Magari huachwa kilomita 2 na nusu kabla, kisha ni basi au miguu kupitia daraja lililofunguliwa 2014. Daraja limejengwa juu ya nguzo nyembamba makusudi: barabara ya zamani ya tuta ilizuia maji, mchanga na tope vikajilundika, na mlima ulikuwa unaelekea kuacha kuwa kisiwa. Sasa namba ikifika 110 hivi, mwisho wa daraja hufunikwa na mlima hutengwa kwa muda. Wageni wengi hufika saa 4 asubuhi na kuondoka saa 11 jioni, ndiyo maana vichochoro hubanana. Ukilala karibu ukaingia jioni, utasikia nyayo zako mwenyewe.

Kuna wanaotaka kuvuka ghuba kwa miguu kutoka Bec d'Andaine, upande wa Genêts. Ni kama kilomita 13 kwenda na kurudi, pekupeku, kaptula, koti la kuzuia upepo na maji ya kunywa begani. Hilo lifanyeni kwa kiongozi aliyeidhinishwa tu. Kuna mito inayobadilisha njia yake kila bamvua, kuna ukungu, na kuna mchanga unaodidimia. Mguu ukizama, mtu asiye na mafunzo huvuta kwa nguvu, na kila akivuta mmoja mwingine unazidi kushuka. Inayofaa ni kuegemea nyuma, kuutikisa mguu taratibu ili maji yaingie kati ya ngozi na mchanga, kisha kuutoa polepole.

Magharibi kidogo ya hapo ni Cancale, mji wa chaza. Maji yakipwa mtaona meza za chuma za chini kwa maelfu, na juu yake mifuko ya wavu yenye chaza. Ufugaji huchukua kama miaka mitatu. Mifuko hugeuzwa na kutikiswa mara kwa mara, kwa sababu isipogeuzwa mwani huziba matundu, maji hayapiti, na chaza hushikamana wakakua na magamba marefu yasiyo na nyama. Chaza wa asili wa huko, yule bapa, aliangamizwa karibu wote na magonjwa ya vimelea miaka ya 1970 na baada yake. Wengi mnaowaona leo ni ukoo uliotoka Japani. Sokoni, pale bandari ya La Houle, huuzwa kwa namba, na namba inakwenda kinyume: 5 ni wadogo kabisa, 0 ni wakubwa kabisa. Anayeonja mara ya kwanza achukue namba 3, gramu 66 mpaka 85 kila mmoja. Muuzaji atawafungua na kukukatia limau. Miezi ya kiangazi huwa na maziwamaziwa, kwa kuwa ni wakati wa kuzaa. Ni salama, ila si kila mtu hupenda.

Wanawake wa Unguja na Pemba wanaookota kombe na pweza bamvua likipwa wangejiona nyumbani kabisa pwani ya Bretagne, maana wenyeji nao hushuka hivyohivyo, wazee kwa watoto. Kila mtu anaruhusiwa kuokota kwa ajili ya chakula chake, si kuuza. Lakini kuna sheria ya vipimo: palourde, kombe lile la mchangani linalopendwa sana, lazima lifike sentimita 4, ormeau, konokono mkubwa wa mwambani, sentimita 9. Wasiofika hurudishwa. Na jiwe ulilogeuza lirudishe lilivyokuwa. Juu ya jiwe huishi mwani unaotaka mwanga, chini yake huishi wadudu wanaokimbia jua. Ukiliacha limepinduka, pande zote mbili hufa, na jiwe hilo hukaa tupu muda mrefu. Kabla ya kushuka soma tangazo kwenye ofisi ya mji au ubao wa pwani: vijimea vyenye sumu vikizidi baharini, kuokota hupigwa marufuku, na sumu hiyo haiishi kwa kupika.

Kuna jambo jingine la hatari, na wanaowatangazia likizo hulitaja kwa sauti ya chini. Baadhi ya ghuba, hasa ile ya Saint-Brieuc, hujaa mwani wa kijani kila kiangazi, kwa sababu mbolea na samadi ya mashamba makubwa ya mifugo huteremka na mito. Mwani ukilundikana na kuoza hutengeneza ganda jeupe juu, na chini yake gesi yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo inaua. Mwaka 2009 farasi alikufa pwani ya Saint-Michel-en-Grève, na 2011 nguruwe mwitu 36 walikutwa wamekufa kwenye mlango wa mto Gouessant. Ukiona pwani imefungwa, au ukisikia harufu hiyo, ondoka. Usikanyage ganda lile hata kidogo. Pwani nyingi za Bretagne ni safi, lakini hii ijueni.

Kwa wapenda kutembea, kuna njia ya GR34, zaidi ya kilomita 2,000 kufuata ukingo wa bahari kutoka Mont-Saint-Michel mpaka Saint-Nazaire, yenye alama ya mstari mweupe na mwekundu. Iliwekwa tangu 1791 kwa askari wa forodha waliowavizia wafanya magendo. Hakuna anayewalazimisha kuimaliza. Kipande kitamu kuliko vyote ni cha Perros-Guirec mpaka Ploumanac'h, kama kilomita 5, kati ya mawe ya waridi yenye umri wa miaka milioni 300 hivi. Nendeni saa ya jua kushuka, hapo ndipo rangi hutoka. Mbele ya mawe hayo kuna visiwa vya Sept-Îles. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu walikuja kwa treni kuwapiga risasi kwa mchezo ndege waitwao macareux, wenye mdomo wa rangi rangi, mpaka wakakaribia kwisha. Mwaka 1912 uwindaji ukakomeshwa na chama cha kulinda ndege kikaundwa. Boti hutoka Perros-Guirec, na macareux huonekana kuanzia Aprili mpaka Julai. Anayekwenda Agosti kwa ajili yao amechelewa.

Kusini, Carnac. Mawe ya kusimamishwa kama 3,000, kwa safu ndefu, yaliyowekwa na wakulima wa kwanza miaka 6,000 na zaidi iliyopita. Mwaka 2025 yaliingia kwenye orodha ya UNESCO pamoja na makaburi ya kale ya pwani za Morbihan. Kiangazi huruhusiwi kupita kati ya safu bila kiongozi, na sababu yake ni ya haki: nyayo za maelfu ya watu ziliua majani, udongo ukachukuliwa na mvua, na mawe yakaanza kubaki wazi mpaka kwenye shina. Kuanzia Oktoba mpaka Machi unaingia mwenyewe. Ila nikiambiwa nichague kimoja, nitawapeleka Gavrinis, kisiwa kidogo ndani ya ghuba, kwa boti ya Larmor-Baden, kwa kuweka nafasi mapema. Ndani ya kaburi lake mawe ya kuta yamechongwa michirizi ya kuzungukana, kama alama za kidole gumba. Jiwe la paa lake na jiwe la paa la Table des Marchands, kule Locmariaquer, yalikuwa jiwe moja. Mchoro wa mnyama ulioanzia kwenye moja unamalizikia kwenye jingine.

Eneo la Guérande leo liko nje ya mpaka wa kiserikali wa Bretagne, ila kwa historia ni Bretagne, na anayependa kazi ya mikono asiikose. Hekta 2,000 za majaruba ya chumvi. Aliyeona majaruba ya Gongoni au ya Bagamoyo atafahamu haraka. Siku za bamvua maji ya bahari huingizwa kwa mfereji uitwao étier mpaka kwenye bwawa la akiba, vasière, yakatulie na kuacha tope. Kutoka hapo hushuka kwa uzito wake mwenyewe, bila pampu, kupitia majaruba yanayozidi kupungua kina, huku jua na upepo vikiyanywa. Yanaanza na gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Yanapofika kwenye jaruba la mwisho, œillet, lenye mita za mraba kama 70, yamekaribia 300, na kina ni sentimita moja tu. Mvunaji hushika las, ubao uliofungwa kwenye mti wa karibu mita 5. Habururi chumvi. Anasukuma maji, na kijiwimbi kinaitelezesha chumvi mpaka kando. Akigandamiza zaidi kidogo, udongo wa mfinyanzi wa chini unafumuka na mavuno ya siku yanachafuka. Jioni, upepo mkavu ukivuma, utando mwembamba mweupe huelea juu ya maji: hilo ndilo ua la chumvi, na huenguliwa kwa chombo kingine, lousse, kabla halijazama. Mvua ikinyesha usiku, linayeyuka lote na kazi huanza upya. Kazi hii ni ya Juni mpaka Septemba. Nendeni alasiri siku ya jua, msikanyage matuta ya udongo, na msinunue chumvi nyeupe kavu mkaambiwa ni ile ya kawaida ya Guérande: chumvi yake ya punje kubwa ni ya kijivu na ina unyevu.

Chumvi hiyo ndiyo sababu siagi ya Bretagne ina chumvi. Ufaransa ya wafalme ilitoza kodi nzito juu ya chumvi, Bretagne ilisamehewa, na mazoea yakabaki. Chakula cha kila siku ni galette, mkate mwembamba kama chapati ya maji, wa unga wa ngano nyeusi ambayo kwa kweli si ngano. Ndugu zetu Waislamu, angalieni mambo matatu: galette complète huwa na nyama ya nguruwe, cidre ni tufaha lililochachushwa, ni kilevi, na huingizwa pia kwenye mchuzi, na chuma cha kupikia kwa desturi ya zamani hupakwa mafuta ya nguruwe. Ulizeni wazi wanapaka nini. Wengi leo hutumia siagi au mafuta ya mimea, nao hujibu bila kuudhika. Agizeni ya yai na jibini, au ya samaki. Na mwezi wa Juni jua huzama baada ya saa 4 usiku, basi panga Maghrib na Isha zako kabla hujaweka saa ya kulala.

Visa nitaipita haraka. Ni ya Schengen, ada ya euro 90 kwa mtu mzima, bima ya afya isiyopungua euro 30,000, na maombi hupokelewa tangu miezi sita mpaka siku 15 kabla ya safari. Mwenye kibali cha kuishi Uingereza lakini pasipoti ya kwetu bado anaihitaji. Msisubiri siku 15.

Mahali pa mwisho ninapowaomba mfike ni Lorient, kisha boti ya kuvuka mpaka Port-Louis, mji mdogo wenye ngome mlangoni mwa bandari. Msiuchanganye na Port Louis ya Mauritius, ingawa bahari iliyoiunganisha miji hii ni ileile. Lorient ilianzishwa 1666 kwa ajili ya Kampuni ya Kifaransa ya Mashariki ya Uhindi, na jumba la makumbusho ya kampuni hiyo limo ndani ya ngome. Mtaona vyombo vya kaure vya China, vitambaa vya India, ramani, mifano ya meli. Vitazameni, ni vizuri sana. Halafu kumbukeni visiwa viwili ambavyo meli hizo zilipumzikia: Île de France, yaani Mauritius, na Bourbon, yaani Réunion. Gavana wa visiwa hivyo tangu 1735 alikuwa mwana wa Saint-Malo, Mahé de La Bourdonnais, ambaye kisiwa kikuu cha Shelisheli kina jina lake. Mashamba ya visiwa hivyo yalilimwa na watumwa kutoka Madagascar, Msumbiji na pwani yetu. Kampuni ilipopoteza haki yake ya pekee ya biashara mwaka 1769, wafanyabiashara binafsi waliingia, na tarehe 14 Septemba 1776 mmoja wao, Jean-Vincent Morice, aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Robert Surcouf, nahodha wa meli, ambaye sanamu yake imesimama Saint-Malo na watalii hupiga picha chini yake, naye alisafirisha watumwa kwenda visiwa hivyohivyo.

Kwa hiyo tengeni saa mbili au tatu. Tembeeni vyumba vyote, kisha pandeni juu ya ukuta wa ngome upande wa bahari. Mlango wa bandari ni mwembamba, na meli zilizokwenda Bahari ya Hindi zilipita pale chini, zikisubiri maji kutoka na upepo wa kuzisukuma. Boti ya kurudi Lorient ina ratiba yake. Iangalieni kabla hamjapanda.